Usingoje tarehe ya kliniki kama vidole vimekufa ganzi

Maswali ya wasomaji, yakijibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka 22 katika chumba cha plasta

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu wa miaka 8 alianguka mwembeni Jumamosi akavunjika mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja. Hospitali ya wilaya walimvuta mkono, wakamfunga hogo la nusu (plasta ya upande mmoja tu) na bandeji, wakatuambia turudi kliniki ya mifupa baada ya wiki moja. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa kijijini, anasema hospitali wanachelewesha. Huko kliniki watamfanya nini? Na kwa nini apigwe picha tena wakati tunayo tayari? Mama, Muheza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na mjukuu wangu mpe pole.

Kabla sijafika kliniki, weka gazeti chini umshike vidole. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, halafu uachie. Rangi irudi mara moja, kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mwambie avikunje na kuvikunjua. Kisha vinyooshe wewe mwenyewe, taratibu. Akipiga kelele unapovinyoosha, au vikiwa vya baridi na vimepauka kuliko vya kushoto, au vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi ingawa amekunywa dawa, usingoje wiki iishe. Mpeleke sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, tena mpeleke dharura moja kwa moja.

Nakusisitizia hivi kwa sababu ya binti mmoja wa miaka 11. Hospitali alikoanzia siitaji. Alifungwa hogo zima siku ileile aliyovunjika, mkono ukiwa bado unavimba. Usiku kucha akalia. Asubuhi baba yake akamrudisha, wakampa panadoli na kumwambia tarehe yake ni Jumatano. Jumatano ndiyo akaletwa kwetu. Tulipasua hogo kwa urefu, tukakata na pamba ya ndani mpaka tukaiona ngozi. Mkono ulikuwa mgumu kama ubao na vidole vimejikunja. Misuli iliyobanwa ikakosa damu huanza kufa baada ya saa chache tu. Vidole vile havikunyooka tena, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baba yule hakuzembea, alirudi. Wewe ukirudi na ukaambiwa usubiri tarehe, usiondoke. Omba daktari wa zamu aje aviguse vidole kwa mkono wake.

Hogo la nusu alilofungwa mwanao ni kwa sababu hiyo hiyo: linauachia mkono nafasi ya kuvimba. Akilala muinulie mkono juu ya mto, uwe juu ya usawa wa moyo. Hogo lisilowe. Likimuwasha, asiingize kijiti wala bomba la kalamu, maana kidonda kinachoanzia humo ndani hukijui mpaka kitoe harufu.

Sasa kliniki. Hospitali nyingi za wilaya zina kliniki ya mifupa siku moja au mbili tu kwa wiki, kwa hiyo fika asubuhi na mapema ukiwa na cheti chake, kadi ya bima kama mnayo, na ile picha ya kwanza. Picha ya kwanza usiisahau, ndiyo watakayolinganishia. Uvimbe ukipungua hogo hulegea, na hogo likilegea mifupa inaweza kuteleza humo ndani bila mtoto kusikia chochote. Ikigundulika mapema inasukumwa tena ikakaa sawa. Ukichelewa, mfupa wa mtoto unakuwa umeshaanza kushikana, na kuurekebisha ni kazi nyingine kubwa. Eksirei ya pili ni ya hilo, na mionzi ya picha ya mkono ni kidogo sana. Angalia tu kwamba wamepiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu. Mfupa unaoonekana umenyooka kwa mbele unaweza kuwa umepinda vibaya kwa ubavu.

Picha ikiwa nzuri atafungwa hogo zima, na kwa umri wake hesabu wiki 4 hadi 6 tangu siku alipovunjika. Daktari akiona umepinda kidogo akaridhika, usidhani amepuuza. Mifupa ya watoto hujinyoosha kadiri inavyokua. Lakini muulize wazi: "Mpindo huu utanyooka wenyewe?" Ni haki yako kujibiwa.

Siku ya kutoa hogo ataogopa ile mashine, ina kelele nyingi. Mimi nilikuwa naigusisha kwanza kwenye kiganja changu mtoto akitazama. Meno yake yanatikisika tu, hayazunguki, ndiyo maana yanakata plasta ngumu na kuiacha ngozi laini. Mkono utatoka umekonda na umejaa magamba. Mwoshe, mpake mafuta, umpe siku kadhaa.

Kwa mama mkwe, mjibu kwa heshima. Mifupa mingi ya watoto huunga hata kwa huduma ndogo, na sifa za wazee wetu zimetoka hapo. Ila mzee hana picha, na vijiti vyake hufungwa kwa kamba za kukaza. Nimeshapokea mkono mweusi uliotoka huko, ukaishia kukatwa.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Mguu ulivunjika chini ya goti, nikawekewa chuma ndani ya mfupa. Hii ni wiki ya 7. Kila nikienda kliniki daktari ananitazama dakika 5 na kunipa tarehe nyingine, nauli inaniumiza. Kuna haja ya kuendelea? Na chuma kinatolewa lini?

JIBU: Pole mwanangu. Ndiyo, endelea. Katika dakika 5 zile anatazama kidonda, anabonyeza pale palipovunjika aone kama bado panauma, na kwenye picha anatafuta mfupa mchanga, ule unaoonekana kama wingu jeupe kuzunguka ufa. Mfupa huo kwa mtu mzima huchukua miezi 4 hadi 6 kushika sawasawa, kwa hiyo wiki ya 7 bado ni mapema.

Chuma mara nyingi hakitolewi kabisa, isipokuwa kikileta maumivu au kikipata usaha. Hospitali kadhaa nchini hutumia msumari wa SIGN, shirika la Marekani, uliotengenezwa ili uweze kuwekwa hata kwenye chumba cha upasuaji kisicho na mashine ya eksirei. Ukiuzoea unaweza kuzeeka nao.

Kuhusu nauli, waombe tarehe ya daktari na ya mazoezi ya viungo ziwe siku moja. Mazoezi usiyaache. Wengi wanayaruka, halafu goti linakauka wanamlaumu daktari. Muulize pia leo unaruhusiwa kukanyagia uzito kiasi gani, maana wengine hukaa na magongo miezi kwa sababu hakuna aliyewaambia wayaache. Kama unavuta sigara, acha. Inachelewesha mfupa kuunga. Nakala ya PF3 (ile fomu ya polisi) na risiti zote tunza, utaulizwa ukidai bima. Kidonda kikitoa usaha, au shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukihema kwa shida, hiyo si ya kusubiri tarehe.

SWALI: Mama yetu ana miaka 76, aliteleza bafuni wiki iliyopita, hasimami. Mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Tunaona tumuache apumzike, umri umekwenda. Tanga.

JIBU: Msimuache. Hiyo ni nyonga iliyovunjika, na kitanda ndicho kitakachomdhuru: vidonda vya mgongoni, damu kuganda, nimonia. Wazee wa umri wake wanapasuliwa na wanasimama tena. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa leo, amelazwa chali, mto katikati ya miguu, na daftari la dawa zake mkononi mwa atakayemsindikiza.