Sindano ya kuharakisha uchungu

Swali: "Mama mkunga, niko Kadutu, Bukavu, hii ni mimba yangu ya kwanza. Dada yangu alishikwa na uchungu jioni, akazaa kesho yake mchana, na muda wote mkunga alikaa tu, anamshika tumbo na kuandika. Jirani anasema kuna muuguzi wa mtaani anayekuja nyumbani kuchoma sindano ya uchungu, ukifika maternite unazaa mara moja. Nichomwe?"

Jibu: Hapana, dada yangu. Usikubali.

Huyo mkunga "aliyekaa tu" naambiwa habari zake karibu kila wiki, na inaniuma. Mkono wake juu ya tumbo ulikuwa unahesabu: uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, umedumu sekunde ngapi, na je, tumbo limelegea katikati? Linapolegea ndipo damu inamfikia mtoto vizuri. Moyo wa mtoto, unaotakiwa kupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, unasikilizwa kila nusu saa, na mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Mimba ya kwanza, njia ikishafunguka sentimita 5, kungoja hata muda wa saa 12 mpaka ifunguke yote si ugonjwa.

Sindano za mitaani mara nyingi ni ositosini, dawa inayokaza mji wa mimba. Nami naichoma, yuniti 10 kwenye paja, lakini mtoto akishatoka, ili mji wa mimba ukaze na mama asivuje damu. Kabla ya hapo, hospitali ikiona inahitajika, inapita kwenye serumu, tone kwa tone, na mtu yuko pembeni. Moyo wa mtoto ukibadilika, serumu inafungwa. Iliyoingia kwenye msuli utaifunga wapi? Tumbo linakaza halilegei, mtoto anakosa hewa, mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa. Wakati huo mchomaji ameshalipwa na yuko kwake.

Tena ositosini inataka friji, digrii 2 hadi 8. Inayozunguka mfukoni au kukaa kwenye farmasi isiyo na umeme inapoteza nguvu, kwa hiyo hata kipimo chake hakijulikani.

Na si sindano peke yake. Majani ya kunywa "yafungue njia", shangazi anayekandamiza tumbo kwa viwiko ili mtoto ashuke, vyote ni haraka ileile inayouzwa kwa wanawake wenye hofu. Anayekuuzia haraka bila kusikiliza moyo wa mtoto, mfukuze, hata kama amevaa bluzi nyeupe ya muuguzi.

Uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, nenda maternite. Maji yakitoka au ukiona damu, usingoje uchungu, nenda hapohapo. Na kama mtu ameshakuchoma au kukunywesha kitu, mwambie mkunga mlangoni: ni nini, na saa ngapi. Hatutakugombeza. Tutaanza na moyo wa mtoto.