Naishi kwa kubeti: je, KRA wananidai?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Likoni, umri wangu miaka 29. Tangu kibarua cha bandarini kiishe sina kazi nyingine ila kubeti mpira. Sichezi ovyo: nina daftari, nafuatilia ligi nne tu, na mwezi mzuri natoa elfu sitini. Rafiki yangu ameniambia kwamba kwa kuwa hii sasa ndiyo kazi yangu, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, wananidai ushuru wa mapato kama mfanyabiashara yeyote, mbali na ule unaokatwa. Mwingine anaapa kwamba pesa za kamari hazidaiwi kitu. Nani mkweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Wote wawili wamekosea, ila naona walikoyatoa maneno yao.

Anayesema hazidaiwi kitu amesikia habari za Uingereza. Huko, mwaka 1925, katika kesi ya Graham v Green, mahakama ilimtazama mtu aliyeishi kwa kubeti farasi, hana riziki nyingine, ikaamua kwamba hiyo si biashara ya kutozwa kodi ya mapato. Mpaka leo Uingereza mchezaji hatozwi kwa alichoshinda. Huyo wa kwanza naye kasikia habari za Marekani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu kule iliamua kesi ya Groetzinger, mtu aliyebeti mbio za mbwa kati ya saa 60 na 80 kwa wiki. Ikasema anayefanya hivyo kila siku ili apate riziki yuko kazini. Uamuzi ule ulimfaa sana, kwa sababu mwenye biashara aliruhusiwa kutoa hasara zake kwenye ushindi kabla ya kupigiwa hesabu.

Wewe uko Likoni, na sheria ya Kenya haikuulizi kama kubeti ni kazi yako au ni mchezo wa Jumamosi. Inatazama mlango wa akaunti yako ya kubeti. Tangu tarehe 1 Julai 2025, chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, pesa zikiingia zinakatwa asilimia 5, ambao ni ushuru wa bidhaa, na zikitoka zinakatwa asilimia 5, ambao ni ushuru wa zuio, yaani unaozuiwa kabla pesa hazijakufikia. Kampuni ndiyo inayokata na kupeleka KRA. Huo wa kutoka ndio wa mwisho kwa pesa hizo: hazirudi tena kwenye viwango vya ushuru wa mapato vya asilimia 10 hadi 35. Kwa hiyo, kwa kubeti peke yake, hudaiwi mara ya pili.

Lakini kuna jambo kwenye swali lako lililonifanya nisite. Umesema unatoa elfu sitini. Unaweka ngapi? Hukusema, na wengi wanaokuja kwangu hawasemi. Mmoja aliniletea daftari lililopangwa vizuri, kalamu nyekundu na ya buluu, kila aliyoitoa imeandikwa na tarehe yake. Tulipofungua taarifa ya M-Pesa na kupitisha rula mstari kwa mstari, alizoziweka zilikuwa nyingi kuliko alizozitoa kwa miezi mitatu mfululizo. Alinyamaza muda mrefu. Daftari lake halikuwa na safu ya pesa zilizoingia.

Basi tupige hesabu yako. Tuseme mwezi huo uliotoa 60,000 uliweka 40,000. Kuingia umekatwa 2,000. Kutoka umekatwa 3,000, ukapokea mkononi 57,000. Ondoa zile 40,000 zilizotoka mfukoni mwako: umebaki na 17,000. Hiyo ndiyo faida yako ya mwezi, na ushuru ulioulipa ni 5,000. Angalia vizuri: ushuru wa kutoka haukukatwa kwenye faida. Umekatwa kwenye kila shilingi iliyotoka, pamoja na mtaji wako mwenyewe. Ukiweka 1,000 na usicheze hata mechi moja, zinabaki 950, na ukizitoa unapokea 902.50.

Ndiyo maana nawaambia wanaojiita wataalamu wa mambo haya waache tabia ya kuweka asubuhi na kutoa usiku. Anayeweka 5,000 kila siku kwa siku 26 amepitisha 130,000 mlangoni, na kwa kuingia pekee amelipa 6,500, hata kama ni pesa zilezile zinazozunguka. Upande wa pili, usigeuze akaunti ya kubeti kuwa benki. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa na nambari zao za malipo zikafungwa. Acha humo kiasi ambacho kikikwama, nyumbani bado patapikwa.

Ikiwa unaona huu mzigo, jua wa awali ulikuwa mzito zaidi. Kabla ya Julai 2025 kila ushindi ulikatwa asilimia 20, na hasara haikuhesabiwa. Chukua mechi kumi za shilingi 1,000 kila moja kwa odi (kizidisho cha dau) ya 2.10, ushinde tano. Ushindi ni 5,500, hasara 5,000, faida 500. Ushuru wa zuio ulikuwa 1,100. Mtu ameshinda kwa hesabu ya mpira, akashindwa kwa hesabu ya ushuru, na hapo bado asilimia 15 ya kila dau iliyoanza kutozwa Desemba 2024. Hasara bado haihesabiwi hata sasa. Hilo silipendi, na nalisema wazi: anayepoteza mwaka mzima analipa ushuru kila anapookoa kilichobaki.

Sasa yale yanayoweza kukutia mashakani kweli.

La kwanza ni kuuza odi. Vijana wengi wenye daftari kama lako huanza kuwauzia wenzao utabiri kwenye WhatsApp au Telegram. Pesa hizo si za kamari, ni malipo ya huduma, na hakuna kampuni inayokukatia. Ukiwa na wateja 100 wanaolipa 300 kwa mwezi, umepata 360,000 kwa mwaka. Zile 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu ya mlipa ushuru kwa mwaka ni 28,800 vilevile, kwa hiyo zimejifuta. Zilizobaki 72,000 hutozwa asilimia 25: unadaiwa 18,000, ukiwa huna gharama za kuonyesha. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka unaingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, mpaka milioni 25. Hapa rafiki yako wa kwanza angekuwa mkweli kabisa.

La pili ni mitandao ya nje isiyo na leseni hapa kwetu. Hakuna anayekukatia, lakini sheria inamtoza mkaazi wa Kenya mapato ya biashara anayoifanya sehemu hapa na sehemu nje. Usidhani kwamba kwa kuwa pesa zimepitia ng'ambo hazina mwenyewe.

La tatu ni ritani, tamko la mapato ya mwaka. Ukiwa na PIN, nambari ya mlipa ushuru, inayofanya kazi, ritani ijazwe kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakuna cha kulipa. Faini ya kuchelewa ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, lolote lililo kubwa.

Na la mwisho ndilo linalowaumiza watu. KRA wanaweza kutazama pesa zilizoingia benki au kwenye simu yako na kuzihesabu kuwa mauzo yasiyotangazwa. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inakutaka wewe uthibitishe kwamba makadirio yao si sahihi. Maneno hayatoshi. Pakua taarifa ya akaunti ya kubeti kila mwezi, ionyeshe ulichoweka, ulichotoa na kilichokatwa, uifungashe pamoja na taarifa ya M-Pesa ya mwezi huohuo. Hifadhi kwa miaka mitano. Ukibadilisha simu au kampuni ikifunga milango, huenda usizipate tena, kwa hiyo usingojee kuulizwa.

Kuhusu halali na haramu hukuniuliza, nami ni mhasibu. Hilo ni baina yako na Mola wako, na mashekhe wapo. Langu ni daftari: lichore upya leo usiku, safu ya kuingia upande wa kushoto, ya kutoka kulia, ya ushuru katikati, kisha urudi nyuma miezi sita kwa taarifa ya simu. Na kama barua ya makadirio imekwisha kukufikia, una siku 30 za kupinga kwa maandishi. Njoo na bahasha yake.