Unaleta jenereta ya mtumba kwa meli? Soma hii kwanza kabla hujatuma pesa

Wasee, mwaka juzi nilinunua jenereta mbili za mtumba Uingereza, moja ya dizeli na nyingine ndogo ya petroli, niuzie wateja wangu huku Industrial Area. Muuzaji akaniambia ati ziko kavu, yaani hazina mafuta ndani. Kontena ikafika bandarini huko kwao, mtu akanusa petroli, wakaifungua, na kwa karatasi tulikuwa tumeandika "mashine" tu basi. Meli ikaondoka bila mzigo wangu na mimi nikabaki kulipia storeji kwa pauni, mteja naye ananipigia kila asubuhi kama saa ya kengele.

Hapo ndio nikaanza kujua hii maneno ya IMDG, yaani sheria za kimataifa za kubeba mizigo hatari baharini. Zamani injini zote zilikuwa zinatupwa kwa kapu moja na magari, UN 3166 (hiyo UN ni namba ya kutambulisha mzigo hatari), daraja la 9, lile la hatari mchanganyiko. Kuanzia 1 Januari 2018 ikawa lazima kuzitenganisha, ya petroli ni UN 3528 daraja la 3 la vimiminika vinavyowaka, ya gesi UN 3529, na ile ya dizeli ambayo mvuke wake haushiki moto mpaka ipite digrii 60 inaenda UN 3530, hiyo ndio ilibaki daraja la 9.

Wenye viwanda wamekuwa wakilalamika sana kuhusu hizi sheria na ukweli wana pointi. Mashine mpya lazima ijaribiwe kiwandani na mafuta, sasa utaikaushaje mpaka tone la mwisho? Nilijionea mwenyewe hapa kwa yadi, fundi alitoa mafuta kwa mpira mpaka tanki ikakohoa, tukasema imeisha, halafu akalegeza filta na ikamwagika karibu nusu kikombe kwa viatu vyake. Na trekta ya kuendeshwa kuingia na kutoka melini haiwezi kukauka kabisa, bana. Pia dizeli si petroli, petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwa baridi ya chini ya sifuri, kwa hivyo kuziwekea gharama sawa ni uonevu.

Lakini hapo kwa malalamiko ya kufungua na kukinga betri siwaungi mkono. Juni 2020 meli ya Höegh Xiamen iliungua Jacksonville, Marekani, ikiwa imejaa magari ya mtumba, na wachunguzi wakasema betri hazikuwa zimefunguliwa na kukingwa vizuri. Spana moja na tepu, dakika mbili, kitu gani cha kulalamikia?

Kwa hivyo siku hizi namwambia muuzaji aitoe petroli yote, afungue filta na mrija pia, halafu anipe karatasi ya fundi inayosema hivyo. Ajenti naye namwuliza mapema, kabla ya bukingi, hiyo laini ya meli inataka nini, maana zingine zina masharti yao juu ya yale ya IMDG. Kuficha usijaribu, harufu ya petroli haina adabu.

Na salio situmi mpaka nione picha mbili kwa WhatsApp: tanki ikiwa wazi imemulikwa tochi ndani, na vichwa vya betri vimefungwa tepu.