Oksijeni ikishuka, mgonjwa alale vipi? Maswali yenu

Kwa nini mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia alazwe kifudifudi?

Akilala chali, moyo na tumbo hukandamiza mapafu kwa nyuma, na sehemu kubwa ya mapafu iko huko. Vifuko vya hewa husinyaa, damu inapita bila kuchukua oksijeni. Kifudifudi, moyo huegemea kidari, vifuko vya nyuma hufunguka, na damu bado inapita huko kwa wingi.

Oksijeni imepanda baada ya saa 4 za kulala kifudifudi. Tumrudishe chali?

Msimrudishe. Utafiti wa PROSEVA (2013), uliofanyika zaidi Ufaransa, ulihusu wagonjwa 466 wa ARDS kali (mapafu kushindwa ghafla kuipa damu oksijeni), ambao uwiano wa oksijeni ya damu na ile wanayovuta ulikuwa chini ya 150. Waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo, 16% walifariki ndani ya siku 28. Waliobaki chali, 32.8%. Saa ndizo zinazookoa.

Usiku tuko wauguzi 3. Tunatosha kumgeuza?

Hapana, ombeni msaada wodi ya jirani. Wawe 5: mmoja kichwani ameshika mpira wa hewa ulioingia kooni, naye ndiye anayehesabu, wawili kila upande. Kabla ya hapo simamisheni chakula cha mpirani, vuteni makohozi, pakeni macho dawa ya mafuta na kuyafunga, pandisheni oksijeni hadi 100%, na someni alama ya sentimita ya mpira kwenye meno. Mkishamgeuza, isomeni tena na msikilize kifua pande zote. Presha ya mashine ikiruka ghafla, mpira umepinda au umezibwa na makohozi, maana sasa yanateremka. Kila saa 2 geuzeni kichwa na mbadilishe mkono ulioinuliwa. Bega likivutwa kupita kiasi neva huumia. Kagueni paji, mashavu na kidevu: vidonda huanzia hapo.

Nimonia iko pafu moja tu. Alalie ubavu upi?

Kwa mtu mzima, pafu lisilougua liwe chini, damu ielekee penye hewa. Akikohoa damu nyingi, kinyume chake: pafu linalovuja liwe chini, damu isilizamishe lile lisilougua.

Baba yuko wodini, anapumua mwenyewe kwa oksijeni. Tumlaze kifudifudi?

Muulizeni kwanza muuguzi wake. Inamfaa mwenye fahamu timamu anayeweza kujigeuza mwenyewe. Wekeni mto chini ya kifua na mwingine nyongani, tumbo lining'inie huru. Kipimo cha oksijeni kiwekwe kidole kisicho na rangi wala piko. Baada ya dakika 15, kama namba imeshuka au anahema zaidi, mketisheni na mwiteni daktari papo hapo. Msimbembeleze avumilie: anayechoka kupumua anahitaji mashine mapema.