Mama Mkwe Si Mwanafunzi Wako

Msomaji wetu wa Tanga anaandika kwamba mama mkwe wake, mwenye miaka 79, amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Mume wa msomaji huyu akirudi kutoka kazini huingia chumbani kwa mama na kopo la picha za zamani, akamwekea taarabu za ujana wake na kumsimulisha habari za shamba la mkonge. Mama akimuulizia marehemu mumewe, mwana humwambia, “Hebu nieleze mlivyokutana.” Mke anauliza: “Shangazi, huku si kuulea ugonjwa? Mimi namwambia ukweli, namuuliza leo siku gani, mimi nani, ili akili isilale, naye ananichukia.”

Pole, mwanangu. Kumwogesha mtu mzima, kumbadilishia shuka na kisha kuitwa mwizi wa kanga si kazi ndogo, na wewe ndiye unayeshinda naye. Pole nimekwisha kuitoa; sasa tuseme kweli.

Barua yako ina mistari kumi na mmoja kuhusu saa anazozimaliza mumeo chumbani kwa mama yake, na mmoja tu kuhusu mama kukosa usingizi. Kinachokuuma ni kile kicheko unachokisikia nyuma ya mlango, kwa kuwa siku hizi wewe na mumeo hamchekeshani. Ndoa za sasa mnazitaka ziwe za watu wawili na simu zao, ilhali zamani kungwi alimwambia mwari waziwazi kwamba mume haji peke yake. Mumeo yuko sahihi, tena bila kufundishwa na mtu.

Ugonjwa huu mara nyingi hula ya jana kwanza na kuyaacha ya ujana hadi mwishoni. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini kwa mama mkwe wako umerudi na umejaa nyumba nzima. Chakula cha asubuhi hakikumbuki, ila yumo bado shambani, katika miaka ile ya sitini ambapo mkonge wa nchi hii ulipita tani 200,000 kwa mwaka, anaanika singa, zile nyuzi za mkonge, na kuisikia korona, mashine ya kuuchakata, ikinguruma. Wewe unamtoa huko kwa mtihani ambao unajua atafeli, na kila magharibi unapomwambia kwamba mumewe alikwisha kufa, unamfiwisha upya, naye hulia kilio cha siku ya kwanza. Ukweli wa namna hiyo unamsaidia nani?

Maneno ya “unakumbuka?” yaache kabisa. Shika picha, sema, “Korona ilikuwa na kelele jamani!” kisha nyamaza, umpe nafasi hata kama ni ndefu. Akikuita kwa jina la dada yake, itika. Picha ikimliza, iweke kando na umshike mkono, kwa maana si kila la zamani ni tamu. Mazungumzo haya hayamponyi; yanampa jioni tulivu, nawe pia. Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, usimtafute mchawi: mpeleke hospitali, kwani maambukizi ya njia ya mkojo au dawa anazomeza huweza kuleta hali hiyo. Na mumeo naye aambiwe kwamba shuka za mama yake zina mikono miwili ya kuzifua iliyo yake.

Kuna jambo uliliandika kwa kupita, nami ndilo lililonikasirisha. Ulisema kwamba wiki iliyopita aliokota ukindu wa jirani akasuka ukili wa pima nzima bila kukosea, na wewe ukauficha kabatini asichafue sebule. Mwanangu, mikono ile inakumbuka yale ambayo ulimi umeyapoteza. Utoe ukindu huo leo, uketi naye chini, umwombe akuoneshe namna ya kuanza, kisha umuulize mkeka huo anamsukia nani.