Binti yangu akitimiza miaka saba, ni lazima nimpe baba yake?

Shikamoo mama wakili. Nilipewa talaka na Mahakama ya Mwanzo binti yangu akiwa na miaka mitatu. Hakimu alinikabidhi mtoto, akaamuru baba yake atoe shilingi 60,000 kila mwezi na amchukue wakati wa likizo. Alilipa mwaka mmoja tu. Mwezi wa kumi mtoto anatimiza miaka saba, na baba yake amenipigia simu niandae begi, anakuja kumchukua moja kwa moja kwa kuwa "miaka saba ya sheria imefika". Ameoa tena, ni dereva wa lori, wiki nzima hayupo nyumbani. Likizo iliyopita nilimkatalia kumwona mtoto mpaka alipe deni. Tena nimepata kazi ya ndani Muscat, mkataba wa miaka miwili, na nilipanga kumwacha mtoto kwa mama yangu Muheza. Nifanyeje?
Mama Z., Tanga

Marahaba mwanangu. Begi usiliandae.

Nimekaa kwenye kiti cha hakimu miaka mingi kabla ya kuwa wakili, na hii "sheria ya miaka saba" nimeisikia kwa wazee wa ukoo, kwa wenyeviti wa mitaa, hata kwa watu waliosoma. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hivi: mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama inaanza kwa kudhani kwamba heri yake ni kukaa na mama, na baba akiwa na sababu za kupinga, azilete. Basi. Hakuna mstari unaosema siku ya kuzaliwa ya saba mtoto anahamia kwa baba. Akivuka umri huo, ile dhana ya kuanzia ndiyo inayoondoka, na wazazi wote wawili wanapimwa kwa kipimo kimoja, yaani ustawi wa mtoto. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamishahamisha.

Najua pwani yetu wengi wanaitaja miaka saba kwa dini. Hata huko, madhehebu ya Shafii ambayo Tanga inayafuata, mtoto akifikia umri wa kupambanua huulizwa anataka kukaa na nani. Habebwi kama mzigo uliofika tarehe.

Zaidi ya hayo, wewe una amri ya mahakama mkononi. Amri haifi kwa sababu mtoto amekua. Inabaki mpaka mahakama iibadilishe, na anayetaka ibadilishwe ndiye anayepeleka maombi. Akija kumchukua kwa nguvu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu aliyekabidhiwa. Chukua nakala ya hukumu, uende nayo dawati la jinsia na watoto polisi, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama nakala huna, kaiombe mahakamani kesho, usingoje mwezi wa kumi.

Sasa nikwambie yale usiyotaka kusikia.

Kumzuia baba asimwone mtoto kwa sababu hajalipa, ulikosea. Matunzo ni jambo moja, kuonana ni jambo jingine, na hakimu aliyaamuru yote mawili. Yeye amevunja la kwanza, wewe ukavunja la pili. Mkifika mbele ya hakimu, atakayesimama kwanza ataanza na kosa la mwenzake. Deni lina njia yake: unarudi mahakama ileile na maombi ya kukazia hukumu, unaorodhesha miezi ambayo hakulipa, unaambatanisha taarifa ya miamala ya simu kama alikuwa anatuma kwa simu. Huhitaji wakili kwa hilo. Wasaidizi wa kisheria wapo, na huduma yao ni bure. Likizo ya Desemba mruhusu amchukue, muandikiane tarehe ya kwenda na ya kurudi, mbele ya afisa ustawi ikiwezekana.

Lakini uzito wa barua yako uko Muscat. Mahakama inaweza kubadili amri ya malezi ikiona hali imebadilika kwa kiasi kikubwa, na mama kuondoka nchini miaka miwili ni badiliko kubwa hasa. Ukishapanda ndege, swali mbele ya hakimu halitakuwa tena mama au baba. Litakuwa baba au bibi. Na sheria inampa ndugu mtoto pale tu mazingira ya pekee yanapoonyesha kwamba wazazi wote wawili hawafai. Mama yako, hata awe mlezi bora Muheza nzima, anaanza nyuma ya baba aliye hai.

Simaanishi usiende. Nimeona wanawake waliojenga nyumba na kusomesha kwa kazi hiyo, na shilingi 60,000 isiyolipwa ndiyo inayowasukuma wengine. Ila usiondoke kimyakimya. Kabla ya kusaini mkataba, mwite baba yake kikao, na mkipatana yaandikwe na kupelekwa mahakamani yawe amri. Asipokubali, peleka maombi mwenyewe ukieleza mpango wako, maana aliyeenda kusema kabla hujasikilizwa tofauti na aliyegunduliwa. Eleza kwamba baba yuko barabarani wiki nzima, hivyo kumpa yeye ni kumpa mke wake ambaye mtoto hamjui. Eleza shule ipo wapi na nani anampeleka. Hakimu anaweza kumtuma afisa ustawi kuzitembelea nyumba zote mbili, ya Muheza na ya kwa baba, amwandikie ripoti.

Mtoto naye atasikilizwa akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Miaka saba ni mpakani, inategemea mtoto. Nilipokuwa hakimu nilikuwa nawatoa wazazi nje, namkalisha mtoto kwenye kiti cha pembeni chemba, wala simuulizi anampenda nani. Nakumbuka msichana mmoja wa miaka tisa aliyekuja na mkoba wa shule. Nilimuuliza nani anamjalidia madaftari. Akatoa daftari la Hisabati lililojalidiwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kona zimekunjwa vizuri, akasema, "Baba. Usiku, akirudi kazini." Mama yake alikuwa amekuja na mashahidi wanne. Yule baba hakuwa na hata mmoja, na mtoto nilimkabidhi yeye.

Kwa hiyo usimfundishe binti yako la kusema. Hakimu mzoefu hulisikia neno la kukaririshwa kabla halijaisha, na mtoto ndiye anayebaki na aibu yake. Mwambie tu kwamba siku yake ya kuzaliwa haendi popote. Ameshasikia habari za begi, nina hakika.