Barua kwa mwanangu: mashati ya Gatsby na shati la babu yako

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani, hapa Tanga. Huku hatujambo sote, mvua tu imetubana ndani, na ndiyo iliyonipa nafasi ya kukaa na swali lako.

Uliniuliza kwenye simu, ulipomaliza kusoma riwaya ya The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald: "Mama, kilichomharibu huyu bwana ni pesa au ni mapenzi?" Sikukujibu siku ile kwa kuwa nilitaka nikisome upya kwanza. Nimekisoma. Mimi naona kilichomharibu ni kutaka pesa imrudishie siku iliyokwisha kupita.

Mwaka 1917 Gatsby ni luteni kijana pale Louisville, hana mbele wala nyuma, anampenda Daisy, binti wa nyumba yenye nafasi. Anakwenda vitani Ulaya, na huku nyuma Daisy anaolewa na Tom Buchanan, tajiri wa Chicago. Gatsby anarudi, anatajirika kwa magendo ya pombe enzi Marekani imeipiga marufuku, ananunua jumba ng'ambo ya ghuba ili usiku aitazame taa ya kijani kwenye gati la kina Daisy. Karamu zote zile, watu asiowajua wanakula na kunywa kwake, kisa ni kwamba huenda siku moja Daisy naye akapita.

Mpaka hapo namhurumia. Uozo unaonekana pale hotelini New York, siku ya joto kali, anapomtaka Daisy amwambie mumewe kwamba hakupata kumpenda hata siku moja. Parudie pale polepole. Kupendwa leo hakumtoshi, anataka miaka ya mwenzake ifutwe kama chaki ubaoni, na mwenzake huyo ana mtoto wa kike! Daisy anajaribu kusema, anashindwa, anakiri kwamba yeye aliwahi kumpenda mumewe pia. Mpenzi wa kweli angelipokea hilo hata kama linauma. Gatsby hawezi, maana mali imemzoesha kwamba kila kitu kina bei yake, na yeye bei ameshalipa. Daisy kwake si mtu tena. Amekuwa mwaka 1917.

Sasa njoo kwenye mashati. Gatsby anamtembeza Daisy nyumbani kwake, anafungua kabati, anatoa mashati ya kitani, ya hariri, ya flaneli, anayarusha moja moja mpaka yanakuwa rundo, na Daisy anazamisha uso humo analia kwamba hajapata kuona mashati mazuri namna ile. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimkumbuka baba yangu.

Babu yako alikuwa karani wa mkonge, kazi yake kuandika marobota yanapotoka mzanini. Mmea wenyewe uliletwa huku na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na miaka ya 60, baba alipokuwa kazini, nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Alikuwa na shati moja jeupe la kupokelea mshahara. Mama alilitia kanji, akalipiga pasi ya mkaa mpaka kola inasimama yenyewe. Ndoto yake ilikuwa tusome, basi.

Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, makarani wakapunguzwa. Baba alikuwa na shamba la urithi Muheza, ardhi ya machungwa. Mdogo wake akapanda. Baba akasema, "Mkonge utarudi." Kila mwisho wa mwezi alivaa lile shati akakaa barazani, hana pa kwenda. Rafuni mwake kulikuwa na Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani, ambamo mtu anaacha kazi ya mshahara mjini anakwenda kulima. Alikisifu sana. Jembe hakushika. Shamba likauzwa kipande kipande, na mimi nikasomeshwa kwa machungwa ya baba mdogo. Kutusomesha kulikuwa kumeshamtoka moyoni. Alichobaki nacho ni hamu ya kuitwa karani.

Ndiyo maana ukurasa ulioniliza ni ule wa mwishoni, Gatsby ameshauawa, na wale wa karamuni karibu wote hawaonekani. Anakuja mzee wake, masikini, na picha ya jumba la mwanawe iliyochakaa pembeni kwa kushikwashikwa, na kitabu cha zamani ambacho mtoto aliandika ratiba yake mwaka 1906: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, kusoma, kuweka akiba ya dola 3 kwa wiki, kuwa mwema zaidi kwa wazazi. Hakuna Daisy mle, wala jumba. Mtoto yule nisingemkataa awe wangu. Na yule mzee anakisoma kwa fahari, hajui kwamba ile ratiba ilikufa miaka mingi kabla ya mwanawe.

Shati la babu yako ninalo sandukuni. Ukija Idi nitakutolea ulishike: limeshakuwa manjano kwenye mikunjo, lakini kola bado ngumu kwa kanji.

Mama yako